Chuo kinapimaje ulichojifunza? Maswali ya baada ya delibe, kutoka Lubumbashi

Mimi ni asistenti katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi. Nasimamia mazoezi, natunga intero (majaribio mafupi ya darasani), nasahihisha kopi (karatasi za majibu). Orodha za delibe (kikao cha walimu kinachoamua nani amepita) zikishabandikwa ukutani, simu yangu haipoi hadi usiku. Wanaopiga ni wanafunzi, wazazi, wajomba wanaolipa masomo, hata jirani yangu wa Katuba anayeuza mkaa (makala, kama tunavyosema hapa), ambaye binti yake yuko mwaka wa pili wa uchumi. Maswali ni yale yale kila mwaka, basi nimeyaandika pamoja na majibu yangu.

Mtoto wangu amepata 12 kwa 20. Amejifunza kiasi gani?

Mama, sijui. Na prof aliyempa hiyo 12 hajui pia.

Kwetu mstari wa kupita ni 10 kwa 20. Kwa hiyo 12 inasema kwamba siku ile, kwa maswali yale, mtoto alivuka mstari na kuuacha nyuma kidogo. Haisemi ni sehemu gani ya somo anayoishika na ni ipi inayomteleza. Nimeshakutana na kopi mbili zenye 12 ambazo hazifanani hata kidogo: mmoja amejibu maswali matatu bila kosa, la nne, lenye pointi nyingi, ameliacha jeupe, mwenzake amegusagusa yote manne, hakuna hata moja alilolimaliza. Kwenye orodha ukutani hao ni pacha. Pia 12 haisemi alikuwa anajua nini kabla ya kuingia darasani, wala atakumbuka nini baada ya miezi mitatu. Ni kama kusikia redioni kwamba Mazembe wameshinda 2 kwa 1. Unajua nani kaondoka na pointi; mpira ulichezwaje, hujui.

Na zile satisfaksio na distinksio?

Ni makundi ya pointi zile zile. Katika mfumo wa zamani, satisfaksio ilianzia 10, distinksio 14, grande distinksio 16. Mwenye 13.9 na mwenye 14 wanaachana jina, basi. Wakati wa sherehe ya familia tofauti hiyo huonekana kubwa, naelewa.

Kredi ni nini hasa? Zinapima alichojifunza?

Kredi ni saa. Kredi 1 inahesabiwa kuwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi: kukaa darasani, kufanya mazoezi, kusoma mwenyewe nyumbani. Semesta moja ni kredi 30, mwaka ni 60, lisansi (digrii ya kwanza) ya miaka 3 ni 180, na masta inaongeza 120. Piga hesabu: kredi 60 mara saa 25 ni saa 1,500 za kazi kwa mwaka.

Mtindo huu ulitoka Ulaya. Mwaka 1989 walitaka mwanafunzi aliyesoma semesta moja nchi nyingine arudi kwao bila kuanza upya, wakabuni namna ya kuhesabu masomo yake. Huko kredi moja ni kati ya saa 25 na 30. Kwetu Kongo sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo iliyoweka msingi wa LMD, yaani mfumo huu wa lisansi, masta na doktora, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo ukaenezwa vyuo vyote.

Tazama basi: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kuhamisha masomo kutoka chuo hadi chuo, sasa tunakiuliza kichwani mwa mtoto mna nini. Hakiwezi kujibu. Kredi inaamini kwamba jioni una taa, una meza, una mahali pa kimya. Mwanafunzi wa Ruashi aliyepanda magari mawili kurudi nyumbani, akakuta umeme umekatika na wadogo zake wanapigana chumba kimoja naye, huandikiwa saa zile zile 25 na mwenzake anayelala hatua mia kutoka darasani.

Lakini LMD si bora kuliko zamani?

Kwa jambo moja kubwa, ndiyo. Zamani ukianguka mwaka ulidubla: unarudia mwaka mzima, hata masomo uliyopata 16. Sasa kredi uliyoipata ni yako, hainyang'anywi. Unabeba deni la kile tu ulichokosa. Kaka yangu alidubla mara mbili katika gradua ya zamani (miaka mitatu ya kwanza ya chuo), na mara ya pili alikaa tena darasani kusikiliza somo alilokuwa akiwafundisha wenzake jioni. Hilo limekwisha, na sitalililia.

Inawezekana mtu afeli somo na bado apite?

Inawezekana sana. Masomo yanayokaribiana huwekwa ndani ya kikapu kimoja kinachoitwa UE, na pointi zake zinafidiana. Chukua UE yenye masomo mawili yenye kredi sawa. Moja umepata 14, jingine 7. Jumla 21, gawa kwa mbili, 10.5. UE imepita, kredi zote umezipata, na lile 7 halitakufuata tena.

Kwa mwenye pochi inayolipa ni habari njema. Kwa anayeuliza mtoto amejifunza nini, hapo ndipo mahali pa kufungua macho. Kama 14 ni historia ya fani na 7 ni hesabu za fani, huyo kijana anaweza kukusimulia daraja lilivyoanza kujengwa duniani, ila usimwachie kukokotoa mzigo wake. Mzazi, omba releve (karatasi ya matokeo) yenye kila somo, usiridhike na wastani wa mwisho.

Ni kweli pointi inategemea nani amesahihisha?

Ni kweli, na tumelijua kwa zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walichukua kopi za mtihani wa Kiingereza wakazituma kwa walimu wengi, kila mmoja asahihishe peke yake. Kopi moja hiyo hiyo ilirudi na alama kuanzia 50 hadi 97 kwa 100. Watu wakasema: hiyo ni insha, hesabu haidanganyi. Mwaka uliofuata wakarudia na jometri. Alama zikatawanyika vile vile.

Wafaransa, ambao mtindo wao wa kusahihisha unafanana na tuliourithi sisi, walilichimba zaidi. Mwanasaikolojia Henri Piéron aliipa taaluma hiyo jina, dosimolojia, yaani elimu ya mitihani yenyewe. Katika miaka ya 1930 Laugier na Weinberg walichunguza kopi za bakalorea (mtihani wa kumaliza sekondari kule Ufaransa), wakakokotoa ni wasahihishaji wangapi wanaohitajika kwa kopi moja ili wastani wao uwe pointi ya kuaminika. Hesabu: 13. Insha ya Kifaransa: 78. Falsafa: 127. Kopi ya falsafa ya mwanao hapa Lubumbashi imesahihishwa na mtu mmoja, pengine saa tano usiku.

Mtu huyo ni mimi, kwa hiyo niseme yangu. Mwaka mmoja nilikuwa na kopi zaidi ya 200 za mwaka wa kwanza. Nilizisoma kwa tochi ya simu, umeme ulikuwa umeondoka tangu alasiri. Kumi nikazitenga, pointi nikaziandika kwenye daftari, si juu ya kopi. Wiki tatu baadaye nikazisahihisha upya bila kufungua daftari. Nyingi zilicheza pointi moja juu au chini, sawa. Moja niliyokuwa nimeipa 8 nikaipa 12. Niliigeuzageuza ile kopi nikitafuta nilichokuwa nimekiona mara ya kwanza. Mwandiko mbaya, ndiyo. Halafu nikakumbuka: usiku ule niliisoma mara tu baada ya kopi ya yule binti anayeongoza darasa zima. Kando ya kopi yake, kila mtu ni mjinga.

Tangu hapo nafanya mambo matatu. Nakunja pembe ya kopi nisione jina. Nasahihisha swali la 1 kwa kopi zote, ndipo nije la 2, badala ya kumaliza kopi moja moja. Na kabla ya kuanza naandika kwenye karatasi kila pointi inatolewa kwa kitu gani: pointi 2 kwa fomula, 2 kwa kuitumia sawasawa, 1 kwa kutaja kipimo mwishoni. Haiondoi tatizo. Inalipunguza kiasi cha mimi kulala.

Si bora mitihani yote iwe ya kuchagua jibu, a, b, c, d?

Hiyo inamaliza ugomvi wa msahihishaji, na kwa ukumbi wa watu 600 hatuna njia nyingine. Lakini kutunga maswali mazuri ya namna hiyo ni kazi nzito, na tuna haraka. Tunaishia kuuliza tarehe na maana za maneno. Halafu kuna bahati: kwa maswali 20 yenye majibu manne manne, mtu asiyejua lolote akibahatisha atapata 5 hivi.

Sasa tutajuaje kwamba kweli kajifunza chuoni, hakuja nayo kutoka nyumbani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote.

Ukitaka kujua mtoto amenenepa kiasi gani, unampima uzito mara mbili. Vyuo vyetu vinampima mara moja, siku ya mwisho. Aliyesoma sekondari yenye maabara na aliyesoma sekondari isiyo na chaki wanafanya mtihani mmoja. Wa kwanza anapata 14, wa pili 11, na sote tunasema wa kwanza kajifunza zaidi. Inawezekana wa kwanza aliingia na 13 yake mfukoni.

Walimu wa fizikia ndio waliotuonyesha njia. Mwaka 1992 huko Arizona, David Hestenes na wenzake walitunga jaribio la maswali 30 hivi kuhusu nguvu na mwendo. Hakuna hesabu ndani yake. Ni maswali ya namna hii: mipira miwili ya chuma ina ukubwa sawa, mmoja una uzito mara mbili ya mwingine, umeidondosha pamoja kutoka juu ya paa, upi utafika kwanza? (Inafika karibu pamoja. Jaribu kuuliza kilabuni uone kelele.) Mwanafunzi hujibu siku ya kwanza ya somo na tena siku ya mwisho. Kisha unatafuta: katika yale aliyokuwa hayajui, ameyapata kwa sehemu gani?

Hesabu yake ni rahisi. Alianza na 40 kwa 100, kwa hiyo 60 zilibaki za kujifunza. Akamaliza na 55. Ameongeza 15 katika 60, yaani 0.25. Mwenzake alianza na 70, akamaliza na 76: ameongeza 6 katika 30, yaani 0.20. Kwenye orodha ya ukutani wa pili ni bingwa. Kwa kujifunza, wa kwanza kampita.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 katika masomo 62. Pale ambapo prof alisimama na kuhutubia, wastani wa ongezeko ulikuwa 0.23. Pale ambapo wanafunzi walifanyishwa kazi darasani, wakabishana wao kwa wao na kusahihishwa hapo hapo, ulikuwa 0.48, zaidi ya mara mbili. Sijui kama kuna namba nyingine inayoninyima raha kama hiyo, maana mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kuandikiwa silabusi, yaani notsi za prof, ubaoni, mstari kwa mstari.

Ninalofanya sasa halina gharama: siku ya kwanza ya mazoezi nagawa karatasi yenye maswali 10, hayana pointi, naziweka kwenye bahasha. Mwishoni nagawa yale yale. Wanafunzi hucheka wakiona walichoandika mwanzoni. Mimi sicheki kila mara, kwa sababu kuna maswali mawili ambayo kwa miaka mitatu hayajasogea, na hapo wa kuulizwa ni mimi.

Prof wetu anasema lazima aandike "matokeo ya kujifunza" kwenye somo. Ni nini?

Ni orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi ataweza kuvifanya somo likiisha. Neno lenye uzito hapo ni kufanya. "Ataelewa mfumuko wa bei" haipimiki, huwezi kufungua kichwa cha mtu. "Ataeleza kwa nini bei ya gunia la unga imepanda" inapimika.

Nyuma ya orodha hizo yuko mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom wa Chicago, ambaye mwaka 1956 na wenzake walipanga ngazi sita za kujua. Ngazi hizo zilirekebishwa mwaka 2001, na leo huwa zinatajwa hivi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni.

Chukua mitihani mitano iliyopita ya somo lolote, uandike kando ya kila swali liko ngazi gani. Nilifanya hivyo kwa somo nililosaidia kufundisha. Karibu yote yalikuwa ngazi ya kwanza: taja, toa maana, orodhesha sifa. Tulikuwa tunapima nani ana silabusi na nani hana, na silabusi inauzwa, kwa hiyo malizia mwenyewe.

Linganisha na swali hili: "Mama anayeuza unga soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi) ananunua gunia kwa dola na kuuza kwa kopo kwa faranga. Asubuhi dola imepanda. Bado ana magunia matatu ya jana. Auze kwa bei gani, na kwa nini?" Silabusi haina jibu hilo. Nimelitoa mara moja, na wanafunzi wawili walilalamika kwa shefu wa idara kwamba somo hilo halikufundishwa.

Na udaktari? Kule mtu akifa haitasaidia kusema alipata 12.

Kweli, na ndiyo maana wao wametutangulia. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alieleza mtihani wa vituo. Mwanafunzi anazunguka vyumba au meza kadhaa, kila kimoja dakika chache: hapa mpime mgonjwa presha, pale msikilize mama anayeeleza maumivu, pengine mgonjwa ni mtu aliyefundishwa kuigiza. Msahihishaji anakaa na orodha: amenawa mikono? Ameuliza jina? Ameuliza dawa anazotumia? Kila mwanafunzi anapita vituo vile vile na orodha ile ile. Unahitaji watu wengi na siku nzima, ila mwisho wa siku umemwona kijana akifanya. Sioni kwa nini wahandisi wa madini wa mji huu wasipimwe hivyo mbele ya mashine.

Nchi nyingine zinapima chuo kizima?

Baadhi zimejaribu. Brazili walianza na mtihani wa kitaifa mwaka 1996, na tangu 2004 wana ENADE, ambamo fani nyingi zimekuwa zikipimwa kwa zamu ya miaka mitatu. Mwanzoni waliingiza hata wanafunzi wapya ili kulinganisha wanaoingia na wanaotoka.

Shirika la OECD la Paris lilitaka kwenda mbali zaidi, mtihani mmoja kwa vyuo vya dunia. Jaribio lao, AHELO, liligusa wanafunzi karibu 23,000 wa vyuo 248 katika nchi na maeneo 17, wakipima uhandisi, uchumi na uwezo wa jumla wa kufikiri. Mwaka 2015 likafa. Ilikuwa ghali, na vyuo vikubwa havikuona faida ya kulinganishwa. Mwenye jina hatafuti mizani.

Zile fomu za kumpa prof alama, zinasema kama tumejifunza?

Zinasema kama mmefurahi. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard waliwafundisha wanafunzi wa fizikia jambo moja kwa njia mbili: hotuba safi ya kupendeza, au kuhangaika na maswali kwa vikundi. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio, lakini wao wenyewe waliona wamejifunza kidogo kuliko wale wa hotuba. Jasho linadanganya. Jazeni fomu hata hivyo: kama prof haji, au somo la saa mbili analimaliza kwa nusu saa, hakuna chombo kingine kitakachosema.

Nisipolipa anrolma (ada ya kuandikishwa kwa mtihani) nitapimwaje?

Hutapimwa, utakaa nje ya mlango na kalamu yako. Hilo ni suala la kasha (ofisi ya kulipia), halina uhusiano na maarifa, na sina la kuongeza ambalo halitaniletea matatizo.

Kuna watu wanaandikiwa TFC (kazi ya kumalizia masomo). Juri hawaoni?

Wanaona, mara nyingi ukurasa wa pili. Ninaposoma kazi ya mtu niliyemjua darasani, halafu Kifaransa kinaanza kutembea kwa viatu vya ngozi, najua. Kuthibitisha ndiyo shida, sasa zaidi tangu simu ianze kuandika yenyewe. Dawa ninayoiamini ni ya zamani: swali la mdomo. "Ukurasa wa 34 umeweka jedwali. Ungepata watu nusu ya hawa, ungebadilisha nini?" Aliyeandika mwenyewe hujibu hata akikosea. Aliyenunua hutazama dari.

Mimi kama mwanafunzi, nijipimeje kabla ya mtihani?

Funga silabusi. Kuisoma mara ya tano kunakupa hisia ya kujua, kwa sababu macho yamezoea. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa St. Louis, Marekani, walilipima hilo: kundi moja lilisoma maandishi mara mbili, jingine likasoma mara moja kisha likajaribu kuandika yote kutoka kichwani. Baada ya wiki moja, waliosoma tu walikumbuka asilimia 42, waliojijaribu asilimia 56.

Nilimweleza hivyo binti wa jirani yangu. Jioni moja nikamkuta kwenye baraza, daftari limefungwa, anamfundisha mama yake uhasibu wa bidhaa: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Alikuwa anaenda vizuri. Mama alikuwa anajaza makala kwenye vikopo, akauliza bila kuinua kichwa: "Na gunia lililolowa mvua, ambalo sikuuza na sina tena, unaliandika wapi?"

Binti akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono kuchukua daftari.